Haditeli ya resi au ya msituni? Ulinganisho kwa njia zetu za Pemba na Unguja

Mpwa wangu wa Chake kanipigia juzi baada ya isha. Mjomba, pesa nshazikusanya, nataka baskeli ya mlimani, haditeli, nikimbilie resi lakini siku nyengine nizunguke nayo tu huko maporini na wenzangu, sasa nichukue ipi? Nkamwambia yakhe hilo si suala la kumalizia kwenye simu, na salio lenyewe lishaanza kulia, subiri nikuandikie. Ndo hii, na kama yupo mwengine anawaza hivohivo nae asome.

Haditeli ni ile yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu kavu. Zile zenye shokapu mbele na nyuma tuziache. Si mbaya, tena tokea yule Mcheki Jaroslav Kulhavý achukue dhahabu ya Olimpiki London 2012 juu ya baskeli ya shokapu mbili wakubwa wengi wa resi wamehamia huko, lakini ile kila kiungo cha nyuma kina bering, na kwa chumvi yetu hii nani atakaa kuzibadilisha kila masika yakipita? Na bei yake weye mwenyewe unaijua. Haditeli shokapu ni moja, ikiharibika unajua pa kushika.

Sasa haditeli nazo si moja, na hapa ndo watu wengi wanapotea, wanaona shokapu mbele na disk breki wanasema zote sawa tofauti rangi. La. Ya resi, yaani jamii ya Scott Scale, Trek Procaliber, Canyon Exceed, Giant XTC, au Specialized Chisel kwa anaetaka ya alumini, shokapu yake inacheza milimita 100 mpaka 120 hivi, tairi upana inchi 2.2 mpaka 2.4, na zile za kaboni unazikuta kilo 9 mpaka 11. Ya msituni, kina Trek Roscoe, Giant Fathom, Santa Cruz Chameleon, Kona Honzo, shokapu inaenda 130 au 140, tairi nene 2.4 mpaka 2.6, na uzito kilo 13 mpaka 15. Halafu kuna zile za kuanzia, Trek Marlin, Giant Talon, Specialized Rockhopper za bei ya chini, ambazo zimekaa baina ya hizo mbili lakini vifaa vyake vya rahisi, hizo ntazigusa mbele huko.

Uzito ndo kitu cha kwanza watu wanauliza, na mie nasema uzito si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni pembe ya bomba la mbele, lile linalopita shingo ya usukani. Simama ubavuni mwa baskeli uliangalie limelala vipi. Ya resi imesimama, digrii 67 mpaka 69. Ya msituni imelala, 64 mpaka 66. Digrii tatu unaweza ukaona si kitu lakini ndo zinazoamua gurudumu la mbele liko chini ya mikono yako au liko mbali mbele huko. Likiwa karibu baskeli inageuka haraka, unapanda kilima gurudumu haliyumbi, ila ukishuka kwenye mawe unahisi kama unataka kupinduka mbele. Likiwa mbali unashuka unacheka, lakini kwenye mpando mkali gurudumu linatangatanga kama mbuzi aliekata kamba, na kwenye kona za kubana inabidi uilazimishe.

Nimezijua zote mbili kwa mwili wangu si kwa kusoma. Ile ya kwanza nilokuwa nayo ilikuwa ya resi, kaboni, ntaihadithia. Jirani yangu hapa Wete anayo ya msituni ya alumini, kaachiwa na mgeni mmoja aliekuwa akifanya kazi hapa akarudi kwao. Tukawa tunabadilishana. Kuna mteremko mmoja kwenye barabara ya zamani ya Wete na Chake, nnaupita kila wiki, ukitoka kwenye lami ukakamata njia ya udongo inayokwenda bondeni kwenye mpunga. Udongo mwekundu, juu yake kokoto za kuteleza, katikati mfereji uliochimbwa na maji ya masika, chini kabisa kona ya kushoto, na msimu wa karafuu pale kwenye kona watu wanatandika majamvi wanaanika. Yaani ukikosea kona hukai kwenye majani, unakaa kwenye karafuu za mtu, na karafuu ya mtu aliopanda mkarafuu akaichuma kwa mkono ukiisambaza njiani utayasikia ya kuyasikia.

Na ya resi mteremko ule nilikuwa naushuka tumbo limerudi nyuma ya siti, vidole viwili kwenye breki, moyo mdomoni, na pale kwenye mfereji gurudumu likikamata tu mkono unaruka. Na ya jirani nashusha siti kwa kidole, ile nguzo ya siti yenye kitufe pale kwenye hendeli, nainama, naiachia, inapita juu ya mfereji kama haupo. Nimefika kwenye kona nkawa na muda wa kumsalimia bibi alokaa pembeni ya jamvi lake. Shikamoo bibi. Akanijibu marahaba, halafu akaongeza pita taratibu mwanangu.

Lakini subiri, kurudi juu sasa. Mpando uleule na ya jirani nilikuwa nashuka nasukuma mara mbili katika tatu, si kwa sababu sina miguu, tairi nene zile zinanata kwenye udongo kama zimetiwa gundi na mbele kunainuka. Ya resi ilikuwa inapanda pale bila hata kunyanyuka kwenye siti. Na njia za Pemba ndo zilivyo, vilima vyetu vifupi lakini havishi, unashuka dakika moja unapanda dakika nne, unashuka tena. Ukihesabu siku nzima, muda mwingi unapanda. Kwa hivo mtu wa Pemba asidanganywe na starehe ya mteremko, mteremko unaisha haraka.

Unguja hesabu nyengine. Ukitoa kule Masingini na vilima vidogo vya shamba, kusini na mashariki yote ni tambarare, shida yake ni mawe. Nenda nyuma ya Jambiani, nyuma ya Makunduchi, kule uwandani, njia zote za jiwe la matumbawe, limechongoka, linakata. Pale hapana mteremko wa kukutisha na hapana mpando wa kukuua, kuna kutikiswa tu masaa mawili mpaka kiuno kinauliza kosa lake nini. Pale tairi ndo kila kitu. Mwaka ule nilienda na ndugu zangu tukapiga kutoka Paje, tukaenda pwani maji yamekupwa mpaka Jambiani, mchanga mgumu raha tupu, halafu tukaingia ndani uwandani, haijafika robo saa tairi yangu ya nyuma ya resi ikachanika ubavuni, mchano wa kuingia kidole gumba. Tairi za resi ubavu wake mwembamba kama karatasi, ndo wanavyopunguza uzito. Tulikata kipande cha gunia la unga tukakikunja mara tatu tukakitia ndani baina ya tairi na tyubu, nkarudi hivohivo mpaka barabarani tairi imevimba kama jipu. Mwenzangu mwenye tairi za inchi 2.4 zilizotiwa kitambaa ubavuni hakupata hata pancha.

Na hapa niseme kitu watu hawakitaji: tairi unaweza kubadilisha, pembe ya fremu huwezi. Ndo maana ukilinganisha baskeli usiangalie tairi iliyokuja nayo, angalia nafasi iliobaki kwenye fremu baina ya tairi na bomba za nyuma. Kama inaingia 2.4 na kidole bado kinapita, basi hiyo ya resi unaweza kuivalisha nguo za msituni. Za zamani nyingi hazingii zaidi ya 2.2, na kwa mawe ya uwanda nisingemshauri mtu.

Tuje kwenye shokapu, na hapa ndo zile za kuanzia zinapofeli. Nyingi zina shokapu ya springi ya chuma, mfano zile SR Suntour XCT na XCM. Springi ile imeshakatwa kwa uzito fulani wa mtu, na wewe mpwa wangu kilo zako 58 na nguo mbichi juu, hutaibonyeza hata nusu, utakuwa umebeba kilo mbili na ushei za chuma mbele kwa ajili ya mapambo. Tafuta ya upepo. Ya upepo unaipima kwa uzito wako: unavaa kila kitu, unakaa juu ya baskeli umeegemea ukuta, unasukuma kile kipira cha duara kilichovaa mguu wa shokapu mpaka chini, unashuka polepole, unaangalia shokapu imezama kiasi gani. Kwa resi asilimia 15 mpaka 20 ya mchezo wake, kwa msituni 20 mpaka 25. Pampu yake ni maalumu, ndogo yenye saa, usije ukaijaza kwa pampu ya tairi wala kwa kompresa ya fundi gari, utaipasua sili. Na huduma: RockShox wenyewe wanasema kila masaa 50 ufungue miguu ya chini usafishe ubadilishe mafuta. Kwa wanaopita pwani mie nasema hata kabla. Kazi yenyewe si ngumu, nimeifanya barazani kwangu na spana na nyundo ya mpira, wanangu wakinishikia taa.

Kitu chengine kwenye shokapu, usinunue fremu ya resi ukasema ntaifunga shokapu ya 140 nipate mbili kwa moja. Fremu ilotengenezwa kwa 100 ukiipandisha mbele kiasi hicho bomba la mbele linabeba mzigo ambao halikuahidiwa, siti inalala nyuma, na kupanda kilima kunakufa. Kutoka 100 kwenda 120 fremu nyingi za sasa zinakubali, lakini uulize kwanza kwa mtengenezaji wake kwa modeli na mwaka.

Nimesema ntahadithia ile ya kaboni. Niliinunua mtumba, kwa mtu, simtaji. Nzuri, nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili, bei ya kushangaza. Nikaiendesha miezi mitano nasikia mlio, tik, tik, kila nikikanyaga pedali ya kushoto. Nikakaza kila nati, nikapaka grisi kila mahala, tik. Siku moja naiosha stika ya chini kwenye bomba kubwa ikabanduka, chini ya stika mpasuko umezunguka nusu ya bomba. Stika iliwekwa makusudi. Kaboni inatengenezeka, wapo mafundi duniani wanaifanya vizuri, lakini hapa kisiwani mie sijampata, na kuipanda ile njia ya bondeni na bomba limepasuka siwezi. Sasa inaning'inia ukutani. Kwa hivo ukienda kuona ya kaboni ya mtumba, bandua stika. Muuzaji akikataa ushapata jibu. Na ugonge na sarafu taratibu bomba zima, mlio uwe mmoja, pahala mlio ukiwa mfu kama kugonga boga, rudisha sarafu mfukoni uondoke.

Alumini nayo isikudanganye kwamba inachomewa. Fundi wa welding yupo, atachomea, lakini alumini ikipata moto ule inakuwa laini pembeni ya chomeo na haijatiwa tena kwenye tanuri kama kiwandani, itakatika palepale. Ila alumini haifichi sana, nyufa zake unaziona, na kuanguka kwa kawaida inavumilia. Chuma, ile kromoli, raha yake kubwa na inachomewa kweli, lakini kutu ya huku inakula kwa ndani bila kukuaga, labda umwage mafuta ndani ya bomba kila mwaka. Kwa mpwa wangu nimesema alumini, sibadilishi.

Ekseli usipite haraka. Za bei ya chini na za zamani zina ile klampu ya mkono, mhimili mwembamba. Nyengine zina ekseli nene ya kupita ikaskrubiwa, milimita 15 mbele na 12 nyuma, na nyingi za sasa upana ni 110 mbele na 148 nyuma. Nunua hiyo. Si kwa ajili ya sifa, ni kwamba kesho ukitaka rimu nzuri au shokapu nzuri utapata inayoingia, na klampu ya mkono ndo inakufa hiyo, shokapu nyingi nzuri hazitengenezwi tena kwa ajili yake.

Gia. Katika resi na msituni tofauti si kubwa, zote sasa sahani moja tu ya meno mbele na kaseti kubwa nyuma, yaani lile fungu la sahani za meno kwenye gurudumu. Ninacholinganisha mie ni cheni itapatikana wapi. Gia 12 cheni yake na kaseti yake utaagiza, na kama ni Shimano Deore ya 12 kaseti yake inataka mwili wake maalumu kwenye habu, ile wanaiita Micro Spline, hushindilii kaseti nyengine. Deore ya 11 ya kaseti ya meno 11 mpaka 51 inakaa kwenye habu ya kawaida. Microshift Advent X gia 10, 11 mpaka 48, nayo kwenye habu ya kawaida, na bei yake haikuumizi. Kwa vilima vyetu 48 inatosha kabisa kama mbele umefunga 30 au 32.

Breki ziwe za mafuta, haidroliki, hapo sina mjadala. Lakini uliza mafuta gani! Shimano wanatumia mafuta ya madini, SRAM nyingi zinatumia DOT. DOT unaipata, DOT 4 ya gari ipo kila duka la spea, lakini inanyonya unyevu wa hewa na hewa yetu hii ni maji matupu kwa hivo unaibadilisha kila mwaka, na ikimwagikia rangi inaila. Ya madini unaagiza kichupa kimoja kinakaa miaka. Kosa kubwa ni fundi kutia DOT kwenye Shimano, sili zote zinavimba, breki imekwisha. Mwandikie kwa kalamu kwenye hendeli kama lazima.

Halafu mtego wa rimu, huu umemkamata rafiki yangu. Hizi haditeli za sasa nyingi gurudumu lake ni inchi 29. Madukani kwetu kuna tairi 28 za yale mabaskeli makubwa ya wazee, akaona 28 na 29 karibu tu, akanunua. Rimu ya 29 kipenyo chake milimita 622, ile 28 ya baskeli ya mzee ni 635, yaani ndogo kwa jina kubwa kwa mwili. Tairi ikawa inazunguka peke yake kama bangili ya mkono mwembamba. Tyubu ya 28 ukibanwa inaingia, tairi haingii. Kinachoingia ni zile 700C za baskeli za mtumba, hizo nazo 622, ukikwama barabarani zitakufikisha.

Tyubulesi, yaani tairi bila tyubu na ndani mna utomvu wa kuziba matundu, ndio, kwa uwanda na kwa miiba, ifunge, ila joto letu linakausha ule utomvu, kila miezi miwili mitatu ongeza, na tyubu moja ya akiba isikosekane mkobani. Ya kuikalisha tairi mara ya kwanza nenda kwa fundi wa magari mwenye kompresa, chukua na kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilisha mdomo wa valvu, maana valvu yake nyembamba na mpira wa kompresa hauishiki.

Basi nimemwambia mpwa wangu hivi. Kama ungekuwa unakimbia resi kila wiki na una gari ya kukupeleka, ya resi kavu. Kama ungekuwa hukimbii resi kabisa, ya msituni bila kufikiri, na kwa Unguja kule kusini ndo hiyohiyo, starehe yake hailingani. Lakini weye resi zako mwaka mzima mbili tatu, tena ni za kuzunguka barabara na vumbi, siku nyengine zote unakwenda Ngezi na wenzako kwenye mchanga ule wa njia ya Vumawimbi au unapanda na kushuka vilima vya Wete. Chukua fremu ya alumini ya resi ya miaka ya karibuni, pembe 67 au 68, ekseli nene, shokapu ya upepo 120. Tairi mbili za 2.4 za ubavu mgumu ukae nazo mwaka mzima, na mbili nyepesi za 2.2 uzitundike chumbani uzivae wiki ya resi. Siti ya kushuka utanunua baadae ukishushuliwa na bibi wa jamvi.

Zile za kuanzia, Marlin na wenzake, sikatai, ila uchukue toleo lenye shokapu ya upepo na ekseli ya kuskrubu, ikiwa halina hivo viwili bora ungoje mshahara mwengine.

Akanijibu kwa sauti, sekunde nane: mjomba kuna jamaa Chake anauza Scott ya kaboni, nzuri, ina stika kubwa pale chini. Nimemwambia aende na wembe.